Mgonjwa Anaposema Mwili Umebadilika

  

Yeyote aliyewahi kumpeleka ndugu yake kliniki ya afya ya akili ameshaisikia kauli hii: "Dawa hizi zinataka chakula." Husemwa kwenye benchi la kusubiria, husemwa njiani mtu akirudi nyumbani na baiskeli, husemwa jikoni mama anapokuta sufuria ya ubwabwa wa usiku imekwanguliwa hadi ukoko. Na mara nyingi anayeisema hujibiwa kwa mkato: wewe kunywa dawa, acha visingizio.

Nataka leo nimtetee mtu huyo. Mgonjwa anaposema kwamba tangu aanze dawa mwili wake umebadilika, kwamba ana njaa isiyoisha, au jua linamchoma kuliko zamani, au wiki ya kwanza ya vidonge alijisikia vibaya zaidi kuliko kabla ya kuvianza, anasema kweli. Dawa za akili haziishii kichwani. Zinapita kwenye damu, zinagusa tezi, na zinagusa hasa ule mfumo ambao mwili huutumia kukabiliana na misukosuko. Mfumo huo una homoni zake, na nitazieleza polepole, maana nikiharakisha hapa, yote yatakayofuata hayatashikika.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo iliyoikalia. Tezi hizi mbili hutengeneza homoni kadhaa, na mojawapo inaitwa kotisoli. Mtu akishtuka, akishikwa na homa kali, akifiwa, akilala njaa, ubongo hupiga mbiu, na sote tunajua mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Anayeipiga ni sehemu ya ndani kabisa ya ubongo, iitwayo haipothalamasi. Mbiu hiyo inapokelewa na tezi ya pituitari, iliyoning'inia chini ya ubongo, nayo inaisukuma mbele kwenye damu hadi kule juu ya figo, ambako kotisoli humwagwa. Hapo sukari inapanda kwenye damu ili ubongo na misuli vipate nguvu, na presha inashikiliwa isianguke. Kisha kotisoli ile ile inarudi hadi ubongoni kusema imetosha, na mbiu inazimwa.

Kwa mtu mwenye afya, kotisoli ina ratiba yake hata siku isiyo na jambo lolote. Hupanda alfajiri, hufika kileleni ndani ya saa moja baada ya mtu kuamka, halafu hushuka taratibu mchana kutwa, na usiku wa manane inakuwa chini kabisa. Ndiyo maana usingizi wa usiku una thamani ambayo usingizi wa mchana hauna.

Mwaka 1936, daktari mmoja aitwaye Hans Selye, akifanya kazi Montreal huko Kanada, aliandika kwamba panya aliowatesa kwa njia mbalimbali, wengine kwa baridi, wengine kwa sumu, wengine kwa kuchoshwa, wote waliishia na tezi za juu ya figo zilizovimba. Mateso yalikuwa tofauti, lakini mwili ulijibu kwa namna moja. Miaka 32 baadaye, mwaka 1968, huko Melbourne, daktari Bernard Carroll na wenzake walichapisha jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha mazungumzo haya. Waliwapa wagonjwa wenye sonona kali dawa ya deksamethasoni, ile ile ambayo wengi tuliisikia ikitajwa wakati wa UVIKO. Deksamethasoni ni ndugu wa kotisoli wa kutengenezwa, tena mwenye nguvu. Ukimpa mtu mzima wa afya usiku, ubongo wake unaona kotisoli ipo ya kutosha, unaacha kupiga mbiu, na kesho yake kotisoli ya mwili inakuwa imeshuka sana. Kwa baadhi ya wagonjwa wale wa sonona haikushuka. Walipewa dawa inayosema imetosha, na ubongo ukaendelea kupiga mbiu.

Fikirini maana yake. Mtu anayeitwa mvivu kwa sababu haamki kwenda shambani, mtu anayeambiwa ajikaze, ndani yake mwili unafanya kazi ya dharura usiku kucha. Amechoka kikweli.

Nitahadharishe hapo hapo. Si kila mwenye sonona ana kotisoli iliyopanda, na kipimo kile cha Carroll kilikuja kuonekana kuwa kinadanganyika kirahisi. Mtu aliyekonda kwa njaa kinaweza kumwonyesha kama mgonjwa wa sonona, na anayeacha pombe ghafla vilevile. Kwa hiyo hakuna sababu ya mtu wa huku kwetu Kyela kupanda gari hadi Mbeya akatafute kipimo cha kotisoli ili ajue kama ana ugonjwa wa akili. Na wale wauza virutubisho wanaopita na mashine ya kushika mkononi, wakidai inapima homoni zote za mwili kwa dakika moja, msiwape hela zenu. Kotisoli hupimwa kwenye damu, mate au mkojo, maabara, na hata hapo majibu hutegemea saa sampuli ilipochukuliwa.

Sasa tuje kwenye dawa zenyewe. Nianze na ile ambayo wazee wetu wanaijua kwa jina la Largactil, kidonge kinachotolewa kwa mgonjwa aliyechachamaa. Jina lake la kitaalamu ni klopromazini. Historia yake nadra kusimuliwa, na inafungua macho. Henri Laborit alikuwa daktari mpasuaji wa jeshi la majini la Ufaransa, na kwa miaka kadhaa baada ya Vita Kuu ya Pili alifanya kazi Bizerte, Tunisia. Kilichomsumbua hakikuwa wendawazimu hata kidogo. Kilichomsumbua ni wanajeshi waliokuwa wakifia mezani kwa mshtuko wa upasuaji. Aliamini kwamba mwili unaojibu jeraha kwa nguvu kupita kiasi unaweza kujiua wenyewe, akatafuta dawa za kuupoza: aupunguzie joto, autulize, mbiu isipigwe sana. Alianza na prometazini, ambayo hadi leo iko kwenye hospitali zetu, kisha akafika kwenye klopromazini. Akagundua kwamba wagonjwa waliopewa dawa hiyo walikuwa macho, wanaongea, ila hawakuwa na hofu tena. Akawasihi madaktari wa akili waijaribu. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa wagonjwa waliokuwa wakipiga kelele na kufungwa, na wadi zikabadilika.

Dawa iliyofungua zama hizi za tiba ya akili, basi, ilizaliwa kwa daktari aliyekuwa akitafuta kutuliza mshtuko wa mwili. Haikuanzia kichwani ikashuka. Ilianzia mwilini ikapanda.

Na alama za kuzaliwa kwake bado inazo. Laborit alitaka dawa ipunguze uwezo wa mwili kulinda joto lake, na hilo dawa hii inalifanya hadi leo, hata kwa mkulima wa mpunga wa Kyela. Haipothalamasi, ile inayopiga mbiu, ndiyo pia inayopima joto la mwili na kuamuru jasho litoke. Klopromazini inaitibua kazi hiyo. Tena inaifanya ngozi iungue haraka kwa jua. Na kile kidonge kidogo cha Artane anachopewa mgonjwa ili mwili usikakamae, hicho nacho kinakausha jasho. Sasa mtoeni mtu huyo Tukuyu kwenye baridi yake, mleteni huku ufukweni, mwezi wa Januari, majaruba yamejaa maji na jua la saa saba liko utosini. Wenzake wanatokwa na jasho, wanapoa. Yeye hatokwi na jasho la kutosha, joto linabaki ndani. Anakaa kivulini kila baada ya muda mfupi, ndugu wanasema ugonjwa umemfanya mzembe. Mpeni kofia pana na shati la mikono mirefu, apate maji ya kunywa mara kwa mara, aingie shambani alfajiri na atoke kabla ya saa nne. Akianza kuchemka mwili huku akiongea ovyo, au misuli ikikaza kama mbao na homa ikipanda, hiyo si ya kusubiri kesho. Mkimbizeni hospitali.

Kuna sindano ya mwezi, Modecate. Anayeifahamu anajua kwamba haiingii kama sindano nyingine. Dawa yake imeyeyushwa kwenye mafuta ya ufuta, nzito, ya rangi ya manjano hafifu. Muuguzi anatumia sindano nene kuivuta na anaisukuma polepole kwenye tako, na ukimwangalia mkono wake utaona anavyokaza kidole gumba, kwa sababu mafuta hayakimbii. Yanabaki ndani ya msuli, yanaachia dawa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Ni msaada mkubwa kwa anayetoka Ikombe, ambako watu husafiri kwa mtumbwi kuja Matema, kwani hana haja ya kuhesabu vidonge kila siku. Lakini dawa ikishaingia haitoki. Ikimletea mtu madhara, ataishi nayo hadi iishe yenyewe. Kwa hiyo kama mgonjwa anadaiwa ukweli wote siku yoyote, basi ni siku ile kabla ya sindano ya kwanza.

Ukweli ambao mara nyingi haumfikii ni wa maziwa na hedhi. Katika pituitari kuna homoni nyingine iitwayo prolaktini, ile inayomtoa mama maziwa akishajifungua. Hii nayo hupanda mtu akiwa katika msukosuko. Muda wote ubongo unaishika breki kwa kutumia kemikali iitwayo dopamini. Haloperidoli, klopromazini na ile ya sindano zinafanya kazi kwa kuizuia dopamini, kwani ndivyo zinavyonyamazisha sauti anazosikia mgonjwa. Lakini haziwezi kuizuia sehemu moja tu. Breki inaachiliwa, prolaktini inapanda, na msichana ambaye hajawahi kuzaa anakuta kifua kimelowa maziwa. Hedhi inakata miezi miwili, mitatu. Kijana wa kiume naye anaweza kuvimba matiti, na hamu ya tendo la ndoa ikapotea.

Mnajua wenyewe maneno yanayozuka hapo. Binti ataulizwa mimba ni ya nani. Mke ataambiwa amefungwa kizazi. Kijana hatamwambia mtu. Ataacha tu kwenda kliniki, na baada ya miezi michache atarudi kule alikotoka, akizunguka sokoni uchi. Tunasema ugonjwa umemrudia. Umemrudia, ndiyo, lakini kwa sababu alipata aibu ambayo dakika tano za maelezo zingeiondoa. Ziko dawa nyingine ambazo hazipandishi prolaktini kiasi hicho, na dozi inaweza kupunguzwa. Muuguzi hawezi kujua kama hajaambiwa, na mgonjwa hatasema kama hajaulizwa. Naomba waulizaji wawe wauguzi. Msimwachie binti wa miaka 19 kazi ya kuanzisha mazungumzo hayo mbele ya baba yake mkubwa aliyemsindikiza. Kwa mila zetu hawezi.

Sasa lile la chakula, nililoanza nalo. Klopromazini, na zaidi yake olanzapini, zinafunga kemikali za ubongo zinazomwambia mtu ameshiba. Njaa hiyo ni ya kweli, sawa kabisa na njaa ya mtu aliyeshinda akilima. Olanzapini inaweza kumnenepesha mtu haraka na kupandisha sukari kwenye damu. Mwaka 2006 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo yao baada ya kuwapa vijana wazima wa afya dawa hizi na kuwapima: olanzapini na nyingine ya jamii yake, kwetiapini, ziliishusha kotisoli, haloperidoli haikuishusha. Maana yake dawa mbili zinazotibu ugonjwa mmoja zinaweza kuigusa mbiu ya mwili kwa namna tofauti kabisa.

Lakini njaa yenyewe ni msukosuko kwa mwili, nayo hupandisha kotisoli. Sasa mtazameni mgonjwa wa olanzapini katika nyumba inayopika mara moja kwa siku, Februari au Machi, mchele wa msimu uliopita umekwisha na mpunga mpya bado uko shambani. Dawa inamwambia ale. Sufuria inamwambia hakuna. Akichota chakula cha watoto usiku anapigwa. Kisha tunashangaa kwa nini hatulii. Sidhani familia hiyo ina roho mbaya. Ina mchele kidogo na hakuna aliyeiambia ijiandae. Ingeambiwa, ingemwekea viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha au ndizi, vitu vinavyojaza tumbo kwa gharama ndogo, na usipa kidogo pembeni, na ingemnyima soda na sukari, ambazo ndizo zitakazomdhuru kwa kweli.

Nije kwenye dawa za sonona na wasiwasi. Huku kwetu anayezipata mara nyingi hupewa amitriptilini, siku hizi wengine fluoksetini. Hapa kuna jambo ambalo limewatoa watu wengi kwenye tiba kabla haijaanza. Dawa za jamii ya fluoksetini zinaongeza nguvu ya kemikali iitwayo serotonini, na serotonini ikiongezeka ghafla, mojawapo ya mambo inayofanya ni kuichochea haipothalamasi. Vipimo vimeonyesha kwamba dozi ya kwanza kabisa ya baadhi ya dawa hizi inaweza kupandisha kotisoli kwa muda. Mtu aliyekuja kutafuta utulivu anakuta moyo unamwenda mbio, usingizi haupo, mikono inatetemeka. Siku ya tano anamwambia mkewe, dawa hii imeniroga zaidi, na anaitupa chooni.

Angevumilia wiki mbili hadi nne, mambo hugeuka. Watafiti kama Florian Holsboer wa Taasisi ya Max Planck ya Munich walieleza kwamba, kadiri wiki zinavyopita, dawa hizi zinausaidia ubongo urudishe usikivu wake kwa kotisoli. Ile sauti ya imetosha inaanza kusikika tena. Wagonjwa wengi wanaopona, kipimo kile cha Carroll kikirudiwa kwao, kotisoli yao inashuka kama ya watu wengine. Kwa hiyo anayeanza dawa hizi anastahili kuambiwa mapema: wiki ya kwanza unaweza kujisikia vibaya zaidi, tutaanza na dozi ndogo, na rudi siku fulani nikuone. Ila mawazo ya kujiua yakimjia katika wiki hizo, asiyavumilie peke yake hata usiku mmoja. Aseme, na ndugu wasimwache peke yake hadi afike kwa mhudumu wa afya.

Kuna vidonge vinavyofanya kinyume: vinatuliza siku hiyo hiyo. Namaanisha Valium, yaani diazepamu, na ndugu zake. Diazepamu inanyamazisha mbiu upesi, kotisoli inashuka, mtu analala fofofo. Kwa siku chache za dharura ni dawa nzuri sana. Ubaya wake ni kwamba mwili unaizoea, na ukimwondolea ghafla mtu aliyeitumia kwa miezi, mbiu inarudi kwa kishindo: jasho, hofu, kukosa usingizi, hata degedege. Kwa sheria haiuzwi bila cheti cha daktari. Mwenye duka anayekupunguzia vidonge vitano kwenye bahasha bila cheti hakufanyii ukarimu.

Kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni nazizungumzia pamoja, kwa kuwa kliniki ya akili ndiyo pia kliniki ya kifafa, na kwenye benchi lile wanakaa pamoja. Dawa hizi zinalichangamsha ini livunje vitu haraka kuliko kawaida, na miongoni mwa vitu linavyovunja ni homoni. Kotisoli ya mwili wenyewe ikivunjwa, ubongo unaamuru nyingine itengenezwe, mtu hajui lolote. Lakini mwenye pumu anayetegemea vidonge vya prednisoloni ataona havimshiki kama zamani, maana prednisoloni ni ya ukoo ule ule. Na mwanamke anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango anaweza kushika mimba bila kukosea hata siku moja. Kijiti cha mkononi nacho hupungua nguvu. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi havidhuriki hivyo. Nimeona ndoa zikiyumba kwa mimba ambayo mume hakuielewa, wakati jibu lilikuwa kwenye pakiti mbili za dawa zilizolala kwenye droo moja. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI naye amwambie muuguzi wa kule anakozichukulia kwamba anameza kabamazepini, maana inaipunguza nguvu dolutegraviri, na dozi huwa inabadilishwa.

Mlango huu kati ya dawa na homoni unafunguka pia upande wa pili. Homoni za msukosuko zikitolewa kama dawa zinaweza kuivuruga akili. Uchunguzi uliofanywa kwa wagonjwa wa hospitali za Boston na kuchapishwa mwaka 1972 ulionyesha kwamba waliopewa prednisoni, ndugu wa prednisoloni, isiyozidi miligramu 40 kwa siku, kama mmoja kati ya 100 alipata matatizo ya akili. Waliopita miligramu 80 walikuwa karibu mmoja kati ya watano. Mtu aliyekuwa mzima anaanza kuongea bila kukoma, halali, anagawa mali. Kabla hamjatafuta aliyemroga, tazameni amepewa dawa gani wiki iliyopita. Na wale wanaojipaka mkorogo wenye dawa za jamii hii kwa miaka, wajue dawa inapenya ngozi, ubongo unaona kotisoli ipo tele, na zile tezi za juu ya figo zinalala. Siku ya ajali au ya upasuaji, mbiu inapigwa na hakuna anayeitika.

Nisingependa mtu aondoke akidhani kwamba haya yote tumeletewa na vidonge. Wanyakyusa walijua zamani kwamba msukosuko unaweza kugeuka wazimu, na walikuwa na namna yao ya kuuzuia. Monica Wilson, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini aliyeishi huku na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliyaandika katika kitabu chake cha mwaka 1957 kuhusu mila za ukoo wa Kinyakyusa. Wafiwa walifagiliwa takataka wakiwa wamekaa, na wazee walimweleza sababu: takataka hizo ni za kifo, na ni heri ziwafike sasa kuliko ziwafuate baadaye na kuwatia wazimu. Mila zenyewe kwa sehemu kubwa zimeachwa, na sisemi tuzirudishe. Lakini kotisoli ya mfiwa hupanda katika wiki za mwanzo, hili limepimwa. Na limepimwa pia kwamba mtu anayekabili jambo gumu akiwa na rafiki pembeni, kotisoli yake hupanda kidogo kuliko ya aliye peke yake. Wanawake wanaolala sakafuni na mjane kwa siku kadhaa wanafanya kazi ambayo hakuna kidonge kinachoifanya. Kinachonisikitisha ni kwamba tunamfanyia hivyo mfiwa, na mgonjwa wa akili tunamjengea kibanda chake nyuma ya nyumba.

Swali ambalo huulizwa kila mara ni hili: atakunywa hadi lini? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 ulisema mwenye sonona aendelee na dawa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha, kisha ipunguzwe taratibu kwa muda usiopungua wiki nne. Mwenye ugonjwa wa kusikia sauti na kuona visivyokuwepo aendelee angalau mwaka mmoja baada ya kutulia, na wengine wataendelea kwa miaka. Anayepona na kuacha dawa mara moja anaudhulumu mwili uliokwisha kuzoea kusaidiwa, na kwa mwenye kifafa kuacha ghafla ni hatari ya maisha.

Na mimi ningeongeza jambo ambalo halimo kwenye mwongozo, kwa kuwa waliouandika hawaishi kando ya mito ya Kiwira na Mbaka. Kama wewe na daktari mmekubaliana kwamba muda wa kupunguza dawa umefika, msianze Machi wala Aprili, mito ikiwa imefurika, barabara imekatika, na ghala ni tupu. Huo ni msimu ambao hata mtu mzima mbiu yake haizimiki usiku. Ngojeni Julai, mpunga umeshavunwa, chakula kipo, na gari la kwenda kliniki linapita. Kila dozi inapopunguzwa, mtu mmoja wa nyumbani awe anaandika kwenye daftari amelala saa ngapi na ameamka saa ngapi, kwa kuwa usingizi ndio unaoharibika kwanza. Daftari hilo muende nalo kwa muuguzi.